Mnyama Akiugua Asipone: Khabari za Ufipa, Punda, Ng'ombe na Paka

Ndugu msomaji, yako maswali ambayo watu huyauliza msikitini kwa sauti kubwa, na yako ambayo mtu hukungoja mpaka wenzake wameondoka, akakushika mkono penye viatu, akakuambia kwa sauti ya chini. Swali la mnyama mgonjwa ni la hayo ya pili. Mtu mzima, mwenye ndevu, huona haya kusema kwamba nyumbani kwake hakuna aliyelala kwa sababu ya paka. Paka ameugua wiki ya tatu, hali, hapati nafuu wala hafi; watoto wanalia, mama watoto anasema apelekwe akachomwe sindano ya kumpumzisha, na nyanya anasema kufanya hivyo ni dhambi. "Sheikh, tufanyeje?"

Swali hili si la utani hata kidogo. Aliyemfunga paka asimlishe, wala asimwache aende akajitafutie vijidudu vya ardhini, Bwana Mtume (s.a.w.) ametupa khabari ya mwisho wake, nasi sote twaijua tangu chuoni. Kwa hivyo sitakujibu kwa maneno mawili. Nitakupeleka kwanza mbali na pwani, katika nchi ya Ufipa, ambako mimi mwenyewe nilisomesha watoto miaka mitatu nilipokuwa kijana. Nchi ile ina khabari ndefu ya wanyama na maradhi, na huko ndiko swali hili liliponikuta.

Ufipa ni uwanda wa juu ulio kati ya maziwa mawili. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, mashariki liko Ziwa Rukwa, na katikati nchi imeinuka kama meza, mita 1,700 na zaidi, yenye majani mengi na miti michache. Mji wake ni Sumbawanga, chini ya milima ya Mbizi. Wenyeji husema maana ya jina hilo ni kwamba mwenye uchawi autupe. Mtu wa pwani akifika huko mwezi wa Juni hutetemeka kwa baridi na kuomba blanketi la pili. Lakini baridi ile ni rehema kwa ng'ombe, maana mbung'o hapendi mahali palipo wazi na penye baridi. Ukiteremka upande wowote, kwenda bonde la Rukwa au kwenda Kirando na Kasanga pwani ya ziwa, unaingia katika joto na vichaka, na huko mbung'o yuko. Basi Mfipa wa juu alifuga, na wa chini hakuweza, na kila aliyeteremsha mnyama aliteremka naye katika hatari.

Mwaka 1872 Mzungu David Livingstone alipita kando ya ziwa hilo katika nchi ya Wafipa, akitoka Unyanyembe, katika safari ambayo hakurudi nayo hai. Alikuwa na punda. Walipofika kusini ya ziwa, mwezi wa Novemba, punda wake akafa, naye ameandika katika daftari lake kwamba aliuawa na mbung'o. Habari hii ni fupi, lakini ina nyuma yake. Miaka sita kabla, 1866, mtu huyo huyo alishuka Mikindani na ngamia sita, nyati watatu wa Bara Hindi na ndama wao, nyumbu wawili na punda wanne, kwa nia ya kujua ni mnyama gani awezaye kustahimili mbung'o. Hakupata kujua. Wale askari wa Kihindi aliowakabidhi wanyama waliwapiga na kuwachosha kupita kiasi, na walipokufa hakuna aliyeweza kusema kama ni mdudu aliyewaua au ni fimbo. Nimekutajia haya kwa sababu mpaka leo ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Mnyama akidhoofu twasema "maradhi", na nusu ya maradhi yale ni mzigo mzito na maji machache.

Jambo la pili katika ugonjwa wa mbung'o ni kwamba humdanganya mwenye mnyama. Mnyama aliyeumwa haanguki siku ile. Hula vizuri, huku anakonda. Manyoya husimama, macho hutoa machozi, leo anatembea na kesho amelala, kesho kutwa anatembea tena, na mwenye mali husema, "Afadhali ya jana." Hupita wiki nyingi namna hiyo, pengine miezi. Chanzo cha ugonjwa hakikujulikana mpaka 1894 na 1895, daktari David Bruce alipoviona vijidudu katika damu ya ng'ombe huko nchi ya Wazulu. Kabla ya hapo tumaini na ujinga vilikwenda pamoja, na mnyama alikuwa katikati yao.

Kisha ikaja sotoka. Wazee wetu walilijua jina hili na wakilitaja hushusha sauti. Iliingia Afrika kwa upande wa Masawa, kwenye Bahari ya Sham, baina ya 1887 na 1888, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Wataliani. Ikaiangamiza mifugo ya Uhabeshi, ikashuka kwa Wamasai mnamo 1890 na 1891, na kabla 1892 kwisha imekwisha kufika kaskazini ya Ziwa Nyasa. Tazama ramani, utaona kwamba Ufipa iko katika njia hiyo. Sotoka haikufanana na mbung'o. Ng'ombe alishikwa na homa, vidonda kinywani, machozi, kuhara, na baada ya siku chache amekufa. Katika zizi la ng'ombe mia walibaki wachache wa kuhesabika. Nyati na pofu porini walikufa vile vile. Mwaustria Oscar Baumann alipopita Ngorongoro mwaka 1892 aliwakuta Wamasai mifupa mitupu, watu ambao jana yake walikuwa matajiri wa nchi.

Sasa hapa ndipo palipo na funzo la swali letu, nami nakuomba usipite upesi. Sotoka ilisimama kwanza kaskazini ya mto Zambezi, halafu mwaka 1896 ikavuka, ikafika Bulawayo. Serikali ya Wazungu huko ikaona dawa ni moja tu, nayo ni kupiga risasi. Zizi likiwa na mgonjwa mmoja, wote huuawa, wazima na wagonjwa. Wandebele waliona ng'ombe wao wazima wanalala chini kwa bunduki na hawakuambiwa lolote la kuingia akilini. Hilo likawa mojawapo ya mambo yaliyowasha vita vya mwaka ule. Na mwisho wa mwaka ule ule akaletwa Kimberley daktari Robert Koch, na mapema 1897 akaonyesha kwamba nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, akidungwa nayo mzima, humkinga. Haikuwa kinga kamili, na wengine walikufa kwayo, lakini palipokuwa hapana njia sasa palikuwa na njia. Je, waliopiga risasi 1896 walikosea? Mimi siwezi kuwahukumu wote. Walioua wagonjwa wasiokuwa na tumaini, ili wazima wapone, walikuwa na hoja. Lakini kuua kabla ya kuuliza, na kumwulia mtu mnyama wake bila kumweleza, hilo ni jambo jingine, na ubaya wake haukuondoka kwa kuwa ugonjwa ulikuwa mkali.

Huko kwetu Tanganyika sotoka ilikuwa ikilala na kuamka. Mwisho wa miaka ya 1930 ilishuka tena kusini, na serikali za nchi za chini zikaogopa sana, zikatoa mali na watu. Baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ukawekwa ukanda wa ng'ombe waliochanjwa, likajengwa boma refu la miti na matawi ili wanyama wa mwituni wasipite, na waliopita wakapigwa risasi. Ukanda huo ndio mlango wa kusini wa Ufipa. Baadaye Mwingereza Walter Plowright na wenzake, huko Muguga karibu na Nairobi, walitengeneza chanjo iliyo salama zaidi, ambayo ng'ombe huchanjwa mara moja ikamtosha maisha. Ugonjwa ukarudi nchini miaka ya 1980 mwanzoni, ukaonekana tena upande wa kaskazini mwaka 1997, na mwaka 2001 ukaonekana mara ya mwisho duniani, kwa nyati wa Meru nchini Kenya. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba sotoka imekwisha duniani. Ni maradhi ya pili kumalizwa na wanadamu, baada ya ndui.

Turudi nyumbani. Mwaka 1986 mwenye nyumba wangu pale Sumbawanga, mzee wa Kifipa mwenye heshima zake, alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Mmoja alikuwa mwekundu, na watoto wake walimpenda kuliko walivyonipenda mimi mwalimu wao, na walikuwa na sababu. Yule mwekundu akashikwa na homa, tezi za shingo zikavimba, akawa anapumua kwa shida. Bwana mifugo akaja, akasema ni ndigana kali, na akasema jambo lililomfanya mzee akae chini. "Baba, dawa ninayo. Lakini nikimchoma sindano, nyama yake isiliwe mpaka siku zake zipite. Akifa kabla ya hapo, umekosa ng'ombe na umekosa nyama. Ukitaka kumchinja, mchinje sasa."

Msomaji, kwa ng'ombe sheria imetufungulia mlango mpana. Mgonjwa akiwahiwa na kisu akiwa bado ana uhai, akachinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, ni halali, ilimradi nyama yake isiwe na madhara kwa walaji. Mzee angeweza kumaliza jambo lile asubuhi ile ile na asilaumiwe na yeyote. Alikaa kimya kwa muda, kisha akamwuliza bwana mifugo, "Ng'ombe kama huyu, wangapi hupona kwa dawa hii, na wangapi hufa?" Akajibiwa kwamba akiwahiwa mapema wengi hupona, na huyu hakuchelewa sana. Akauliza tena, "Nitajuaje kuwa haponi?" Akaambiwa: siku ya tatu kama hajarudi kula, na pumzi imezidi kuwa ya povu, usingoje ya nne. Mzee akasema, "Mchome." Siku ya pili jioni maksai alinyanyuka akala majani.

Nakusimulia haya si kwa sababu alipona. Angeweza kufa. Nakusimulia kwa sababu ya yale maswali mawili. Mzee yule hakusoma chuo chochote, lakini aliuliza tumaini ni kiasi gani, na aliuliza mwisho wa kungoja ni wapi kabla hajaanza kungoja. Mimi, mwenye vitabu sanduku zima, miezi mitatu baadaye sikuuliza hata moja.

Nilikuwa na paka. Alizaliwa mwezi wa Shaabani, nikamwita Shabani, na watoto wa madrasa walizoea kumkuta amelala juu ya juzuu zao, nami nikiwakataza kumsukuma. Alianza kwa kutokula. Kisha nikaona anakwenda mchangani kukojoa, anachuchumaa muda mrefu, anatoka bila kitu. Tumbo likawa gumu. Nikamwita bwana mifugo yule yule. Akamshika, akatikisa kichwa. Akasema kibofu kimeziba, kwamba yeye hana chombo cha kukizibua na aliye nacho yuko mbali sana, na kwamba paka wa namna hii hufa kwa maumivu. "Ustadhi, ninaweza kumpumzisha. Hatasikia kitu."

Nikasema nitatazama kitabu kwanza.

Nikatazama. Sisi watu wa pwani ni Mashafi, na katika sherehe na hashiya za vitabu vyetu imeandikwa wazi: mnyama asiyeliwa, kama punda aliyechoka, haijuzu kumchinja hata kama ni kwa kumpumzisha. Hoja yao ni kwamba roho si yetu, na ikiwa nyama hailiwi, kuua huko hakuna haki ya kukuhalalisha. Nikafunga kitabu nimeridhika. Lakini usiku paka akalia, na nikaona kwamba kuridhika kwangu hakumfai yeye chochote. Nikamwandikia barua mwalimu wangu Tanga. Barua siku hizo, kutoka Sumbawanga mpaka Tanga na jawabu kurudi, ni wiki tatu ukibahatika. Mimi nililijua hilo wakati naandika.

Kabla sijakwambia jawabu lake, ngoja nikutajie kitu nilichokiruka katika kutafuta kwangu, maana nilitafuta neno la kuua tu nikaacha mengine. Sheikh Izzuddin bin Abdussalam, ambaye ni Shafii kama sisi, na ambaye watu walimwita Sultani wa Maulamaa, aliyefariki Misri mwaka 1262, ameandika haki za mnyama juu ya binadamu. Amesema mwenye mnyama alazimika kumlisha na kumgharimia hata kama amekuwa kilema au mgonjwa asiyekuwa na faida tena, asimtwishe asichoweza, asimweke na mwenye kumdhuru, na akimchinja amchinje vizuri. Angalia alivyoanza. Kabla ya kuuliza "afe au aishi?" kuna amali nyingi mbele yako: maji ya kumdondoshea kinywani, mahali pakavu, kivuli, kumfuta uchafu wake, kuwazuia watoto wasimchezee, kumwita mjuzi siku ya kwanza na si ya ishirini. Na liko jambo moja ambalo watu hulifanya wakijiona wamesalimika nalo, nalo ni kumtia paka kikapuni na kwenda kumtupa sokoni. Huyo hakumwua wala hakumtibu. Amemwachia njaa na mbwa wafanye kazi ambayo yeye hakutaka kuiona.

Hapa niseme kando kuhusu mbwa, maana wako watakaoniuliza. Mbwa aliyebadilika tabia, anayeuma ovyo, anayetoka mate na kushindwa kumeza, si wa kulelewa akingojwa apone. Kichaa cha mbwa hakiponi. Wafungie watoto ndani, mwite bwana mifugo, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa robo saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Mwanadamu dalili zikishamtokea, karibu hapana dawa. Katika hilo sina maneno mawili.

Na ndugu zetu wa Lamu, ambako punda ni sehemu ya mji kama zilivyo nyumba za mawe, wamelijua swali hili zaidi kuliko sisi. Mwaka 1987 Waingereza wenye jumuiya ya kuhifadhi punda, iliyoanzishwa na Bibi Elisabeth Svendsen, walifungua zahanati ya punda pale. Kwanza wengine walicheka. Lakini mwenye punda aliyekuwa akimwacha mnyama wake mwenye kidonda cha mgongo azurure gizani mpaka afe, sasa alikuwa na mlango wa kubisha. Nimewasikia watu wakibishana kama inajuzu daktari kumpumzisha punda aliyevunjika miguu, na sikumsikia hata mmoja akibisha kwamba kidonda kilistahiki kutibiwa mapema.

Basi jawabu la mwalimu wangu. Alinieleza kwamba niliyoyasoma ndiyo yaliyomo katika madhehebu yetu, na hakunificha. Kisha akaniambia kwamba wenzetu wa madhehebu ya Imamu Malik wamesema waziwazi kinyume chake: mnyama asiyeliwa, akikatiwa tamaa, yafaa kuuawa kwa namna nyepesi ili apumzike, na wapo wanavyuoni wengine wenye kufutu hivyo. Akasema mtu akimfuata imamu mmojawapo kwa ajili ya kumwondolea kiumbe adhabu, na si kwa kukimbia gharama, haoni ubaya. Masharti aliyataja: awe amekatiwa tamaa na mwenye kujua maradhi, si na mwenye mnyama aliyechoka kuamka usiku, iwe kwa njia isiyoumiza, na asionyeshwe kisu wala asifanyiwe hayo mbele ya wenzake. Na aliyeshindwa nafsi yake kulifanya hilo, akashikamana na kauli ya Kishafi, basi na ashikamane nayo yote: akeshe naye, amnyweshe, amgeuze ubavu mpaka Mwenyezi Mungu atakapomchukua. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine, kana kwamba alikumbuka baada ya kwisha, aliuliza kwa nini sikupiga simu.

Simu ilikuwapo, posta ya Sumbawanga. Ilikuwa na foleni na ilikuwa ghali kwa mshahara wangu, lakini ilikuwapo.

Barua ilinifikia siku ya ishirini na tatu. Shabani alikuwa amekufa siku ya nne tangu nilipoipeleka posta, usiku, chini ya rafu ya vitabu. Watoto walimzika nyuma ya nyumba karibu na mashina ya ulezi, na mzee wa maksai ndiye aliyewachimbia, maana ardhi ilikuwa ngumu. Mimi nilikuwa darasani. Mmoja wao, ambaye sasa ni mtu mzima na ana ng'ombe wake Laela, bado hunitania akiniona kwamba ustadhi alikuwa na vitabu vingi.

Nami huwajibu wale wanaonishika mkono penye viatu: amekwisha kumwona bwana mifugo? Amesema nini, na amesema tungoje mpaka lini? Nendeni mkamwulize hayo leo, kabla ya adhuhuri, kisha njoni.